Ndege ya Rimoti Yenye Mota Mbili: Mota Moja Ikizima, Je, Lazima Ianguke?

Swali la msomaji: "Nimerusha ndege za rimoti za mota moja kwa muda mrefu, na sasa napaa, nazunguka na kutua bila msaada wa mtu. Nataka kujenga ndege ya mota mbili za umeme, yenye mabawa ya mita 1.6 hivi, ili baadaye nijenge mfano wa P-38 au Mosquito, zile ndege za kivita za injini mbili. Wenzangu wananiambia kwamba mota moja ikizima angani, ndege imekwisha. Je, ni kweli? Na nifanyeje ili mota zote mbili zizunguke sawasawa?"

Ndugu msomaji, wenzako wamekupa nusu ya ukweli. Ndege ya mota mbili iliyopoteza mota moja inaweza kurudi uwanjani na kutua ikiwa nzima, mradi imejengwa kwa vipimo vinavyoiwezesha kufanya hivyo, na mradi rubani apunguze nguvu ya mota iliyobaki kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Sharti hilo la pili ndilo linalowashinda wengi. Aliyezoea mota moja amejifunza kwamba ndege ikilegea huongezewa nguvu, lakini katika ndege ya mota mbili iliyozimikiwa na mota moja, kuongeza nguvu ndiko kunakoipindua, kwa sababu mota iliyo hai ndiyo inayoisukuma pua upande mmoja. Swali lako la mizunguko kulingana nitalijibu pia, ingawa ni dogo kuliko watu wanavyolifanya. Naomba nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kuweka mota na ukubwa wa mkia kabla hujakata ubao hata mmoja.

Chukua ndege ya kiwango ulichotaja: mabawa ya mita 1.6, eneo la bawa desimita za mraba 35, uzito wa kilo 2.4, na mota mbili ambazo kila moja inatoa msukumo wa kilo 1.3, yaani karibu nyutoni 13, zikiwa zimefungwa sentimita 20 kutoka mstari wa kati wa kiwiliwili. Zote zikifanya kazi, kila moja inafuta athari ya mwenzake na ndege inakwenda moja kwa moja. Ya kushoto ikizima, ya kulia inabaki ikisukuma peke yake kwenye wenzo wa sentimita 20, na nyutoni 13 mara mita 0.20 ni momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 2.6 inayoipeleka pua kushoto. Kinachoweza kuipinga ni pezi la wima la mkia pamoja na usukani wake, yaani kile kibao kinachocheza kushoto na kulia. Pezi hilo likiwa sentimita 75 nyuma ya kitovu cha uzito, litatakiwa kutoa kani ya upande ya nyutoni 3.5 hivi, sawa na uzito wa gramu 350. Ukitaka kuiona kani hiyo kwa macho, laza kiwiliwili ubavu, kikamate imara mahali bawa linapofungwa, kisha ning'iniza gramu 350 kwenye pezi. Mkia ukijipinda au ukijisokota kwa kiasi unachokiona, ongeza uimara wake sasa, kwa sababu mkia unaojisokota utakunyima usukani siku utakapouhitaji zaidi.

Pezi na usukani vinategemea hewa inayopita juu yake, na kani yake hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikishuka kwa nusu, kani inabaki robo. Kwa pezi la desimita za mraba 3, usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho, makadirio ni nyutoni 1.5 ndege inapokwenda mita 10 kwa sekunde, nyutoni 2.1 kwenye mita 12, nyutoni 3.3 kwenye mita 15, na karibu nyutoni 6 kwenye mita 20. Linganisha namba hizo na nyutoni 3.5 zinazohitajika. Chini ya mita 15 kwa sekunde usukani hauwezi kuizuia mota moja iliyofunguliwa hadi mwisho, na hali inazidishwa na ukweli kwamba propela husukuma kwa nguvu kubwa zaidi ndege inapokwenda polepole. Wakati huohuo, bawa la ndege hii linaweza kuibeba hadi kasi ishuke kwenye mita 10 hivi kwa sekunde. Hapo ndipo penye mtego. Kati ya mita 10 na mita 15 kwa sekunde ndege inaruka vizuri kwa mota zote mbili, inapaa, inageuka, haikupi dalili yoyote ya hatari, lakini mota moja ikizima katika kasi hizo huku throtoli, yaani kijiti cha kuongeza na kupunguza nguvu ya mota, ikiwa wazi, pua inageuka, bawa lililo upande wa mota iliyokufa linarudi nyuma na kushuka, na ndege inajipindua chali kwa muda mfupi kuliko unavyohitaji kufikiri.

Marubani wa ndege kubwa wanaijua kasi hiyo ya chini ya udhibiti kwa jina la Vmc, na katika ndege ndogo za injini mbili imechorwa kwa mstari mwekundu kwenye kipimakasi. Sisi tunaosimama chini hatuna kipimakasi mbele ya macho, na ndege iliyo mbali huonekana inakwenda polepole kuliko ilivyo, au kinyume chake upepo unapoisukuma kutoka nyuma. Ndiyo maana dawa kubwa iko kwenye meza ya ujenzi: ishushe kasi hiyo ya udhibiti hadi ikaribiane na kasi ambayo bawa lenyewe huishiwa uwezo wa kuibeba ndege, ili mtego upungue kiasi cha kutokuwa na maana.

Unaweza kufanya hivyo kwa njia mbili ambazo zote ziko mikononi mwako. Ya kwanza ni kuzisogeza mota ndani. Propela ya inchi 10 kwenye kiwiliwili cha upana wa sentimita 10, ukiacha nafasi ya sentimita 2 kati ya ncha ya propela na ubavu, inakulazimisha kuweka mota sentimita 20 kutoka katikati. Propela ya inchi 8 yenye panga tatu inakuruhusu kuja hadi sentimita 17. Ya pili ni kulikuza pezi kutoka desimita za mraba 3 hadi 4. Ukiyafanya yote mawili, kani inayohitajika inashuka hadi nyutoni 2.9 hivi huku uwezo wa pezi ukipanda kwa theluthi moja, na kasi ya udhibiti inateremka kutoka mita 15 hadi mita 12 na ushei kwa sekunde. Sijui njia nyingine inayotoa faida kubwa hivyo kwa gramu chache hivyo za balsa. Mtu anayejenga mfano halisi wa ndege fulani huona uchungu kubadilisha umbo la mkia, na hilo naliheshimu, lakini kwa ndege yako ya kwanza ya mota mbili nakuomba uwe mkarimu kwa pezi.

Utasikia pia ushauri wa kuzielekeza mota nje, ya kushoto itazame kushoto kidogo na ya kulia itazame kulia, kwa nyuzi 2 au 3. Fanya hivyo, lakini usijenge matumaini yako juu yake. Ikiwa propela iko sentimita 20 mbele ya kitovu cha uzito, nyuzi 3 zinaupunguza wenzo kutoka sentimita 20 hadi 18.9, yaani asilimia 5 tu. Faida hiyo ipo, ila haiwezi kufidia pezi dogo. Kinachosaidia zaidi, pale umbo la ndege linaporuhusu, ni kuwa na mapezi mawili yaliyo moja kwa moja nyuma ya propela, kama ilivyo kwenye Beechcraft 18 iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1937. Mota moja ikizima, pezi lililo nyuma ya mota iliyo hai linaendelea kupigwa na hewa ya propela, na usukani wake unabaki na nguvu hata ndege yenyewe ikiwa imepunguza kasi.

Kuhusu upande wa kuzunguka, umeme umetupa uhuru ambao waliotumia injini za mafuta hawakuwa nao kwa urahisi. Kugeuza mzunguko wa mota isiyo na brashi unabadilishana waya mbili zozote kati ya zile tatu zinazotoka kwenye kidhibiti, yaani kile kifaa kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota, kisha unafunga propela ya mkono wa kushoto. Ndege inapopaa pua ikiwa juu, panga la propela linaloshuka husukuma zaidi kuliko linalopanda, kwa hiyo kitovu cha msukumo huhamia upande wa panga linaloshuka. Propela zote zikizunguka kama mshale wa saa kwa anayezitazama kutoka nyuma, msukumo wa mota ya kulia unahamia nje zaidi na wa kushoto unahamia ndani. Ndiyo maana kuipoteza mota ya kushoto ni kubaya kuliko kuipoteza ya kulia. Ukizifanya zizunguke kinyume, chagua panga zishuke upande wa kiwiliwili, yaani ya kushoto izunguke kama mshale wa saa na ya kulia kinyume chake, ili kila moja ikibaki peke yake isukume karibu na mstari wa kati. Jambo moja la kukagua kila kabla ya kuruka ni nati ya propela inayozunguka kinyume, kwa sababu uzi wa kawaida wa nati unaweza kulegezwa na mzunguko huo.

Kwa nguvu ya umeme, wati 220 hivi kwa kila kilo ya ndege zinatosha kwa mruko wa raha. Kwa kilo 2.4 hiyo ni kama wati 540, au wati 270 kwa kila mota, na kwa betri ya LiPo ya seli 4 yenye volti 14.8 za kawaida kila mota inachukua ampea 18 au 19. Kidhibiti cha ampea 30 kwa kila mota kinaacha nafasi nzuri. Usidhani, hata hivyo, kwamba kupoteza mota moja ni kupoteza nusu ya uwezo wa kupaa. Kupaa hutegemea nguvu inayozidi ile inayohitajika kuiweka ndege hewani tu, na hitaji hilo halipungui. Linaongezeka, kwa sababu ndege inakwenda imekaa upande na inaburura propela isiyofanya kazi. Uwezo wa kupaa unaobaki huwa robo au chini ya hapo, na kwenye ndege nzito haubaki kabisa. Weka breki kwenye vidhibiti vyote viwili, kwa sababu propela ndogo iliyosimama kwa kawaida huikinza hewa kidogo kuliko inayozungushwa na upepo, ingawa breki hiyo haitakusaidia kidhibiti chenyewe kikiungua.

Nitakaa kidogo kwenye nyaya, kwa sababu mota za umeme zenyewe ni nadra kufa; kinachokufa ni kiungo, kidhibiti au mpangilio. Tumia betri moja inayolisha vidhibiti vyote viwili, au betri mbili zilizounganishwa sambamba kwenye njia moja, zikiwa na volti sawa kabla ya kuunganishwa. Usiipe kila mota betri yake. Mpango huo unavutia kwa kuwa nyaya zinakuwa fupi, lakini betri mbili hazizeeki sawa, na ile dhaifu itakata mota yake kwanza, pengine ukiwa kwenye mkondo wa mwisho wa kutua. Nenda kwenye mipangilio ya vidhibiti na uweke kila kitu kifanane: aina ya betri, kiwango cha volti cha kukatia, breki na mwanzo wa polepole. Mpango wa kukata uwe ule wa kupunguza nguvu taratibu, kamwe usiwe wa kuzima ghafla, na usiufikie. Tumia saa ya rimoti au telemetria, yaani vipimo ambavyo ndege hukutumia kwenye rimoti, ili utue seli zikiwa bado na volti 3.7 hadi 3.8 kila moja zikipumzika.

Waya za betri zisirefushwe bila sababu. Kidhibiti hukata na kuunganisha mkondo mara maelfu kwa sekunde, na waya ndefu kati yake na betri huzalisha mapigo ya volti ambayo huchosha kapasita zake hadi zife. Kama unahitaji urefu, weka kidhibiti karibu na betri na urefushe zile waya tatu zinazokwenda kwenye mota. Kama lazima vidhibiti vikae ndani ya maganda ya mota kwenye bawa, ambako hewa ya kupoza ni nzuri, lehemu kapasita za ziada za ukinzani mdogo kwenye waya za betri mlangoni mwa kila kidhibiti.

Vidhibiti vingi vina saketi ndani yake inayoilisha volti 5 hivi risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, na servo, yaani vimota vinavyosogeza usukani na vibao vingine. Ukichomeka vyote viwili, saketi mbili zinalisha risiva moja na kila moja inajaribu kuishinda nyingine, jambo ambalo aina nyingi za kisasa hazikuundwa kulivumilia. Chukua plagi ya kidhibiti kimoja, inua kwa ncha ya sindano kile kidole cha plastiki kinachoizuia waya nyekundu ya katikati, ivute itoke, ikunje nyuma na uizungushie tepu ya umeme ili isiguse kitu. Waya ya ishara na waya hasi zibaki. Bora zaidi, na ndivyo ningependa ufanye kwa ndege ya ukubwa huu, toa waya nyekundu kwenye vidhibiti vyote viwili na uilishe risiva kwa saketi ya kujitegemea, ili kuungua kwa kidhibiti kimoja kusichukue pamoja nako servo zako.

Kila mota iwe na chaneli yake kwenye risiva, ziunganishwe ndani ya programu ya rimoti, badala ya waya ya matawi mawili. Hapa pana hatari ambayo huwapita hata wajenzi wenye uzoefu: risiva inapopoteza mawimbi, baadhi ya risiva huishusha chaneli ya throtoli peke yake, na chaneli nyingine hubaki pale ilipokuwa. Mota ya pili iliyo kwenye chaneli ya ziada itaendelea kusukuma peke yake, na hapo umejitengenezea mwenyewe ile hali unayoiogopa. Weka kinga ya kupoteza mawimbi kwa chaneli zote mbili, toa propela, washa mota, zima rimoti, na utazame kwa macho mota zote mbili zikisimama. Fanya vivyo hivyo na swichi ya kuzima throtoli.

Sasa kuhusu kuzunguka sawasawa. Fundisha vidhibiti vyote viwili mwanzo na mwisho wa throtoli kwa wakati mmoja, tumia mota na propela za aina moja, na umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Msukumo hubadilika kwa mraba wa mizunguko. Mota moja ikiwa kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika na nyingine kwenye 9,800, tofauti ya msukumo ni asilimia 4, nayo huondolewa kwa mbofyo mmoja au miwili ya trimu ya usukani, yaani kile kitufe cha marekebisho madogo kwenye rimoti. Utaisikia tofauti hiyo kabla ya kuiona: sauti mbili zinazokaribiana huvuma kwa kupanda na kushuka, na propela za panga mbili zinazopishana mizunguko 120 kwa dakika zitavuma mara 4 kila sekunde. Mvumo huo hauna madhara yoyote kwa ndege. Kilicho muhimu kuliko kulingana kwa mizunguko ni kwamba mota zianze pamoja, zipande pamoja unapoifungua throtoli haraka, na zote zivumilie throtoli kamili kwa dakika moja mfululizo ndege ikiwa imeshikwa chini, bila kidhibiti chochote kupata moto kuliko mwenzake. Tofauti ya joto ndiyo inayokuonya kuhusu kiungo kilicholehemiwa vibaya au beringi iliyoanza kuchoka.

Kwa upande wa bawa, sehemu ya kati inayobeba mota iwe na bomba la nyuzi za kaboni au kiini cha plaiwudi kinachopita kutoka mota hadi mota bila kukatika, kwani kutua kwa kishindo huzitupa mota chini kwa nguvu kubwa. Kumbuka pia kwamba uzito ulio nje kwenye bawa unaifanya ndege ichelewe kuanza kulala ubavu na ichelewe kuacha. Kitovu cha uzito kiwe mbele kidogo kwa miruko ya kwanza, kama asilimia 25 hadi 28 ya upana wa wastani wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele.

Unapopaa, fungua throtoli polepole, acha ndege ikimbie ardhini zaidi ya ulivyozoea, na ikishaondoka usiinue pua. Iache ipande kwa mteremko mdogo hadi iwe na kasi ya kutosha. Uwanja ukiwa mrefu, paa kwa theluthi mbili ya nguvu. Rejea namba zetu uone sababu: kwenye mita 12 kwa sekunde pezi lile la kwanza linaweza kushikilia asilimia 60 ya msukumo wa mota moja, kwa hiyo nguvu ndogo inakununulia usalama pale ambapo kasi bado haipo.

Mota ikizima, dalili ya kwanza ni pua kugeuka bila wewe kuigusa, kisha bawa la upande huo kuanza kushuka. Mkono wako utataka kuliinua bawa hilo kwa eleroni, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege ubavu, na huo ndio mkono wa kuuzuia, kwa sababu eleroni inayoshuka kwenye bawa lililo chini huongeza ukinzani wa hewa upande uleule ambao tayari unaburuzwa. Rudisha throtoli hadi karibu robo, shusha pua upate kasi, na tumia usukani wa mkia kuisimamisha pua. Kwa kitendo cha kurudisha throtoli peke yake umeondoa chanzo cha tatizo, na ndege yako sasa inateleza kama ndege yoyote isiyo na nguvu. Ikishatulia, ongeza nguvu kidogo kidogo hadi kiasi ambacho usukani unakishikilia bila kufika mwisho wake. Upande ambao kijiti cha usukani kinaegemea ndio upande wa mota iliyo hai. Elekeza bawa la upande huo chini kidogo, nyuzi zisizozidi 5, na ikiwezekana zungukia upande huo unaporudi uwanjani. Tua kwa kasi kuliko kawaida, na ukishashuka usibadilishe mawazo: kufungua throtoli karibu na ardhi ili uzunguke tena ndiyo njia ya uhakika ya kuingia kwenye ule mtego.

Haya yasibaki maandishi tu. Weka swichi kwenye rimoti inayoishusha mota ya kushoto hadi sifuri, na nyingine kwa ya kulia. Siku ya hewa tulivu, ukiwa juu kadiri kanuni za anga za mahali ulipo zinavyoruhusu, ndege ikiwa na kasi na throtoli ikiwa nusu, zima mota moja na utazame. Rudia kwa kila upande, kisha kwa kasi ndogo zaidi na throtoli kubwa zaidi, ukiacha kila mara nafasi ya kurudisha swichi. Mwombe mwenzako aishike swichi hiyo akuzimie bila kukuambia. Kama kurudisha throtoli hakujawa tabia ya mkono, mazoezi hayajatosha. Jairoskopu ya usukani, kifaa kinachohisi pua ikigeuka, husaidia sana, kwa kuwa huipinga pua kabla jicho lako halijaona kitu, lakini fanya mazoezi ya kwanza ikiwa imezimwa ili uijue ndege yenyewe. Mchanganyo wa programu ya rimoti unaozipa mota nguvu tofauti kufuata usukani unapendeza unapoendesha ardhini. Angani uzime mpaka umeizoea ndege, kwa sababu kwa kasi ndogo unaweza kuianzisha ndege kujizungusha ikishuka.

Ukija kutumia injini za mafuta, kila ninalosema hapa linabaki, ila uwezekano wa kuzimikiwa unakuwa mkubwa zaidi. Kila injini iwe na tangi lake na servo yake, na kila moja iwekwe kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta wenye mafuta mengi kidogo kuliko ule wa kasi ya juu kabisa, kiasi cha kupoteza mizunguko 200 hadi 300 kwa dakika. Inua pua ya ndege juu huku injini zikinguruma kabla ya kuiachia. Ile inayobadilisha sauti haiko tayari kuruka.

Mwisho ni ndege unazozitamani. Kabla ya kujenga ya balsa, rusha kwanza ndege ya sponji ngumu ya mota mbili, kama TwinStar ya kampuni ya Multiplex ya Ujerumani, ambayo mota zake ziko karibu na kiwiliwili. Ukija kwenye mifano halisi, DC-3 na B-25 zina tabia za upole: ya kwanza ina bawa kubwa, na ya pili ina mapezi mawili yaliyo nyuma ya injini. P-38 pia ina mapezi nyuma ya propela na propela zinazozunguka kinyume, ingawa zile zilizotoka kiwandani kwa wingi panga zake zilishuka upande wa nje, hivyo kupoteza injini yoyote kati ya mbili kulikuwa kubaya sawasawa. Kwenye mfano wako una hiari ya kuzigeuza. Mosquito iache iwe ya mwisho. Injini zake zote mbili zilizunguka upande mmoja, na ilijulikana kwa kuvuta kushoto wakati wa kupaa, kiasi kwamba marubani walitanguliza throtoli ya injini ya kushoto kidogo mbele ya mwenzake ili iende moja kwa moja. Ukitumia propela za kuzunguka kinyume utaondoa sehemu kubwa ya mvuto huo. Ukitaka kubaki na uhalisia, zile chaneli mbili za throtoli zitakuruhusu kuitanguliza ya kushoto vilevile kwa mchanganyo mdogo ulio kwenye swichi, ambao utauzima magurudumu yakishaacha ardhi.